Isale Haikataliwi

Asubuhi hiyo Yuditha alikatakata mgomba kwa panga, vipande vya unene wa kiganja, akavijaza kwenye karai, akajitwika, akaanza kuruka mistari. Aliruka wa kwanza akampa ng'ombe. Aliruka wa pili akawapa mbuzi. Pumba za kuku alizigawa kwenye makopo, kila kopo upande wake, kwa sababu kuku wake walikuwa hawakai pamoja tena. Jogoo alikuwa upande wa kahawa. Mitetea walikuwa upande wa jiko. Kati yao ulisimama mstari wa masale, wenye nafasi ambamo hata bata mzinga angepita bila kuguswa na jani, na hakuna kuku aliyepita. Jogoo alikuja mpaka mstarini, akainua mguu, akafikiri, akaushusha. Kisha akawika kuelekea kwa wake zake kama mtu anayepiga simu ng'ambo.

Hapo ni Marangu, juu kidogo ya lami, kwenye kihamba alichoachiwa Yuditha na mumewe. Kihamba ni shamba la ukoo: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi chini ya kahawa, ng'ombe ndani ya banda, na waliotangulia ndani ya ardhi. Mpaka wake ni isale, yale majani marefu ya kijani. Na isale ina kazi ya pili, ambayo watoto wa huku wanaijua kabla ya a-e-i-o-u. Mtu akikukosea, akaja kwako na jani la isale lililofungwa fundo, unalipokea. Huulizi kosa lina ukubwa gani. Huulizi ni mara ya ngapi. Isale haikataliwi. Anayeikataa, wanasema, mji wake utaota majani.

Yuditha hakuwahi kukataa, na mji wake uliota masale.

Ilianza hivi. Ndelilio, mumewe, alikuwa mpagazi. Aliwabebea wageni mahema na viti vya kukunja, hata choo chao, mpaka siku aliposhuka mlimani na kifua kinachochemka kama sufuria ya mtori. Akazikwa nyuma ya banda la ng'ombe. Udongo haujashika vizuri, kaka yake mkubwa, Ebenezeri, akaja akamfungua mtamba aliyekuwa bandani. Alisema bibi wa mtamba huyo alikuwa ng'ombe wa baba yao, kwa hiyo mjukuu ni wa ukoo, na ukoo ni yeye.

Jumapili yake akarudi, amevaa koti la kanisani, jani mkononi, wazee wa ukoo nyuma yake na kibuyu cha mbege, ile pombe ya ndizi.

"Mama Goodness, nimekukosea."

"Umenikosea, Baba Jesse."

"Nimekuja na isale."

"Naiona."

"Basi tuyamalize."

Wakayamaliza. Mbege ikanyweka, wazee wakasema huyu ndiye mwanamke aliyefundwa, na Ebenezeri akawahi kuondoka ili akamkatie mtamba majani kabla jua halijazama.

Watu wengine jani kama hilo huliacha juu ya mlango likauke. Yuditha alilelewa na bibi aliyemwambia kwamba isale haitupwi wala haiachwi inyauke, kwa hiyo aliichomeka ardhini, kando ya mlango, kwa heshima. Jani tupu lisilo na shina halioti, kila mkulima anajua hilo. Hili liliota. Juma halijaisha lilikuwa mstari kamili kutoka mlangoni hadi kwenye ghala la mahindi, umenyooka kama uliopigwa kamba. Yuditha akafagia pande zote mbili, akaenda kukata majani.

Yakafuata makosa mengine. Ebenezeri aliuziba mfongo, ule mfereji uliochimbwa na babu zao wote kwa jembe na mikono, akayageuzia maji kwake siku ya zamu ya Yuditha; akaja na isale. Aling'oa mibuni ya mpakani, mibuni yenye kahawa mbichi, akasema alidhani imekufa. Akaja na isale. Alisimama kwenye sherehe ya ubarikio wa watu, mbele ya sahani za pilau, akasema mtoto wa kike nyumbani kwao ni abiria anayengoja basi, hawezi kurithi kituo. Goodness, binti pekee wa Yuditha, alikuwa anagawa soda hapo hapo. Kesho yake isale ikaja, na mbege nzuri kuliko zote zilizotangulia.

Mtamba hakurudi. Maji hayakurudi. Kilichorudi kila mara ni Ebenezeri.

Na kila jani Yuditha alilichomeka, na kila jani likawa mstari, na mistari ikakatana uani kama wavu wa goli. Mifugo iliitambua. Mnyama wa kihambani amezaliwa akiambiwa kwamba isale ndiyo mwisho wa kwao, na hakuna aliyewaeleza kuku kwamba haya yalikuwa masale ya msamaha. Mbuzi waliokuwa wakila hata kamba za kuanikia nguo waliacha majani mabichi yakiwa pua na mdomo, kwa kuwa yalikuwa ng'ambo.

Basili, afisa mifugo wa kata, alipokuja kuwachanja kuku kideri, alisimama getini akapima kwa macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. We ruka tu. Watu wanaruka."

Akaruka, kisanduku cha barafu begani, akawadondoshea kuku dawa machoni kipande kwa kipande.

"Hawa wanataga?"

"Wanataga. Ila hayaanguliwi."

"Yataanguliwaje, mama, na bwana yuko nchi nyingine?" Akafikiri kitaalamu. "Tafuta jogoo wa pili. Na vyombo vya maji weka kila upande."

"Na ng'ombe?"

Basili akamtazama ng'ombe. Aliitwa Tarakea, kwa sababu Ndelilio alimnunua mnada wa Tarakea, akatembea naye mpaka nyumbani akimsimulia habari za mlimani. "Ng'ombe yuko sawa. Kulala analala. Kugeuka ndiyo kazi kidogo." Akafunga kisanduku. "Wanyama wako wana adabu, mama. Kwingine ninakopita, mbuzi wanakula mpaka hati ya shamba."

Goodness alikuja Jumamosi moja kutoka Kwa Sadala, anakouza ndizi sokoni. Alileta sabuni na mafuta ya kula, akaruka mistari akiwa ameshika sketi, akaketi kwenye kigoda jikoni.

"Mama, utampokea huyu mpaka lini?"

"Isale haikataliwi."

"Mtamba amerudi?"

"Alishazaa kule. Mara nyingi."

"Maji je?"

"Yanapita kwake."

"Sasa wewe unasamehe nini? Maana hajaacha hata kimoja. Mama, huo si msamaha, hiyo ni leseni. Anakuja kuihuisha kila mwaka."

"Punguza sauti. Kuku wanataga."

Goodness hakupunguza. Alikwenda mpaka kwenye baraza la usuluhishi. Mwenyekiti alimsikiliza vizuri, akampa kiti, akamuuliza jambo moja tu: mama yako aliipokea isale? Aliipokea. Basi, mwanangu, unataka tufukue kilichosamehewa? Tutafute laana sisi? Goodness akarudi Kwa Sadala, maana ndizi zilikuwa zinaiva.

Na hapo ndipo Jesse, mtoto wa Ebenezeri, alipopata wazo la nyumba ya wageni. Wageni wanaoshuka mlimani wanapenda kulala panapotulia, wanywe kahawa ndani ya migomba, wapumzike na uchovu wao. Uchovu wa Yuditha haukuwa na nyumba ya kupumzikia, ulilala naye. Mpimaji akaletwa na chombo chake cha miguu mitatu.

"Mpaka uko wapi?" akauliza.

"Ni isale," wakasema wote.

"Ipi? Naona nyingi."

"Zote ni mpaka," akasema Ebenezeri. "Na zote nimezileta mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Muulize shemeji yangu."

Mpimaji akamgeukia Yuditha. "Ni kweli, mama? Alizileta yeye?"

Yuditha aliutafuta uongo kidogo, hakuupata. "Alizileta yeye."

Hivyo ikawa. Kila msamaha ulikuwa umekata kipande, na kila kipande kilichokuwa nyuma ya isale kilikuwa cha aliyeileta. Yuditha alibakiwa na nyumba, jiko na ukingo wa mlango. Banda la ng'ombe lilikuwa hatua moja tu kutoka jikoni, lakini kati yake na jiko palikuwa na mstari, ule ulioota kwa kosa la mibuni. Mpimaji alikunywa kahawa yake, akashukuru, akakunja miguu mitatu akaondoka kwa miwili.

Ijumaa jioni, Yuditha akiwa ndiyo kwanza ametua mzigo wa majani aliotoka nao kule chini, tambarare, Ebenezeri akaingia. Koti la kanisani. Jani. Wazee. Kibuyu.

"Mama Goodness, nimekukosea."

Yuditha akatafuta kosa, hakuliona. "Lini, Baba Jesse?"

"Jumatatu."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mtu anayeomba radhi mapema hivi ni muungwana.

"Mafundi wanakuja Jumatatu kubomoa banda," akaeleza Ebenezeri kwa upole. "Nimeona nisije nikakuchosha na maneno baadaye."

"Na Tarakea?"

"Mtafutie pa kukaa. Au mwache kwangu, nitakufugia. Sisi si ndugu?"

"Na Ndelilio yuko pale nyuma."

"Marehemu hatasumbuliwa, shemeji. Sakafu itapita juu yake vizuri kabisa. Na vigae."

Yuditha akamkumbuka bibi yake, yule wa isale haitupwi. Bibi alikuwa amesema na jambo la pili, jikoni, akimenya ndizi, na watu wa kizazi hiki wameshika la kwanza tu kwa kuwa halina gharama. Alisema isale haitembei peke yake. Jani hutangulia, na nyuma ya jani huja kitu kinachorudishwa: mbuzi aliyeibwa, maji yaliyozibwa, hata binti aliyetukanwa hurudishiwa heshima yake mbele ya walewale waliosikia. Jani ni la kuonyesha njia. Yuditha akachungulia nyuma ya Ebenezeri. Palikuwa na wazee na kibuyu.

"Kwetu tuliambiwa isale huja ikiongoza kitu," akasema.

"Hayo ya kale, mama," akajibu mzee aliyeshika kibuyu. "Siku hizi tumerahisisha."

Wakangoja. Angeweza kukataa. Neno lenyewe ni fupi, na lilikuwa limekaa mdomoni mwake tangu mtamba afunguliwe. Lakini shingo ilikuwa bado imelala upande kwa uzito wa majani, mbuzi walikuwa wanalia hawajala, na kukataa isale mbele ya ukoo kunataka mtu aliyepumzika. Mwenye nguvu za kukataa ni yule aliyekatiwa majani na wengine. Wazee walilijua hilo. Ndiyo maana isale huletwa jioni.

Akanyoosha mkono, akaigusa.

"Imepokelewa," wakasema wazee.

"Ila leo mgongo umekataa kuinama," akasema Yuditha. "Chomeka mwenyewe, Baba Jesse. Popote."

Ebenezeri akaichomeka pale aliposimama. Isale haikungoja juma liishe. Ilianza kutembea papo hapo kuizunguka nyumba, jani baada ya jani, kwa utaratibu, na wazee wakanyanyua miguu mmoja mmoja ili ipite. Mwenye kibuyu alihamisha kibuyu. Kisha wakanywa.

Jumatatu banda likabomolewa. Tarakea hakutoka. Wanaume walimvuta kwa kamba mpaka mstarini, na hapo akasimama kama mti, akiwatazama bila chuki. Jesse ni kijana wa biashara, hakupoteza muda. Ukumbi wa chakula ukajengwa kumzunguka ng'ombe, na upande wa kwa Yuditha ukaachwa wazi ili wageni wapate mandhari ya kienyeji. Wageni walimpenda sana Tarakea. Walipiga naye picha, kisha wakauliza kama kuna maziwa yasiyo ya ng'ombe. Usiku alilala juu ya vigae, mahali palepale ambapo chini yake ni kifua cha Ndelilio.

Yuditha aliendelea. Alfajiri alikatakata mgomba, akajaza karai, akajitwika, akaenda mstarini. Asubuhi moja, si ya kiangazi wala ya masika, aliinua mguu avuke kama siku zote, na mguu ukabaki hewani. Ulifikiri kidogo. Ukarudi chini. Akajaribu wa pili, nao ukafanya vilevile. Ng'ambo ya mstari jogoo alimtazama kwa jicho moja, akasogea kidogo, kama abiria anayempisha mwenzake kwenye benchi.

Yuditha akatua karai. Akaanza kurusha: kulia kwa mbuzi, mbele kwa ng'ombe. Mikono ilikuwa bado inavuka. Tarakea alimaliza kula, akajigeuza kwa taabu, akaleta kiwele mpaka kwenye masale ili kifikiwe. Ila ndoo ilikuwa imebaki upande wa pili tangu jana.

Ebenezeri akatokea kwenye kona ya ukumbi, mswaki mdomoni. Alikuja akivuka mistari mmoja baada ya mwingine bila kutazama chini. Katika kihamba kizima, kati ya wenye miguu miwili waliozaliwa na kuolewa humo na wenye minne, alikuwa amebaki yeye tu anayevuka.

"Umeamkaje, Mama Goodness?"

"Salama, Baba Jesse."

"Mbona umesimama hapo?"

"Ndoo yangu iko huko."

Ebenezeri akainama, akaiokota, akaifuta kitako kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

"Asante," akasema Yuditha, akaipokea, akanyoosha mikono ng'ambo, akaanza kukamua.