Masufuria Matano ya Shamba Moja

Mwaka ule kaya tano za Itaka zilifuta mipaka na kuunganisha mashamba yao ya viazi. Trekta, lililokuwa likikataa kuja kwa ajili ya kipande cha mtu mmoja, lilikuja na kumaliza kazi kabla ya mchana. Mbolea ilinunuliwa kwa pamoja, ikapunguzwa bei. Gharama ya kila gunia ingeshuka karibu nusu, ilimradi fuso la Abdulwahab, lori walilolikodi, lirudi Tunduma likiwa limejaa. Nauli ilikuwa ileile, lijae lisijae.

Aliyewashawishi wenzake alikuwa Restuta. Miaka ya nyuma alimkodisha mfanyabiashara wa mjini shamba lake, kisha akaenda kulipalilia kama kibarua. Mavuno haya yakileta hasara, angerudi kwenye kibarua hicho.

Siku ya kwanza ya kuvuna, vibarua walichimba vizuri hadi saa sita. Ndipo moshi ukaonekana kila upande wa shamba.

Anayekufanyia kazi shambani hula kwako. Mipaka ilikuwa imefutwa, lakini hakuna aliyetaka isemwe kwamba watu walichimba viazi vyake wakashinda na njaa. Kila kaya ilipika. Amoni, kiongozi wa vibarua, alikuwa mtu wa adabu, hivyo aliwaongoza wenzake kwenye kila sufuria. Kwa Restuta walifika wakitembea polepole.

"Mle japo kidogo," alisema Restuta.

"Mama, kidogo tulikula nyumba ya tatu," Amoni alijibu, akanawa mikono.

Saa kumi vibarua walikuwa bado wamelala kati ya matuta. Magunia hayakufika nusu ya fuso, nalo lilikuwa linakuja kesho yake jioni.

Restuta alikwenda kwa wifi yake, Elizabeti.

"Wifi, kesho tupike sufuria moja."

"La nani?"

"La shamba."

"Shamba lina jiko? Watasema wamekula kwako. Mimi nitakuwa nani, mpita njia?"

"Mbona trekta moja ulilikubali?"

"Trekta halili."

Restuta akaenda kulala.

Asubuhi alibeba sufuria lake kubwa la misiba, akaliweka katikati ya shamba, akajaza maji na kuwasha moto. Unga hakuleta. Maji yalichemka, yeye akakaa anayatazama. Elizabeti alivumilia kwa muda, kisha akaja na unga.

"Unatuaibisha," alisema.

"Karibu, wifi."

Wa tatu alileta maharage. Saa sita wanawake wote watano walikuwa wamelizunguka sufuria, kila mmoja na mwiko wake, wakisonga na kugongana viwiko. Kila mmoja alipakua kipande chake kwenye kila sahani. Amoni alishukuru mara tano kwa sahani moja, akala, akasimama, akarudi kuchimba. Wenzake wakamfuata.

Jioni Abdulwahab alipakia huku akitazama lile jiko.

"Wapishi watano, sufuria moja? Hiyo si hasara?"

"Wewe pakia," alisema Elizabeti.

Gunia la mwisho lilipopandishwa, Restuta alikanyaga tairi, akachungulia. Alijaribu kupenyeza mkono kati ya magunia na bodi. Haukupita.

"Limejaa," alisema.

"Si nilikuambia?" alisema Elizabeti, akamshika mkono ashuke.