Mlango Usiojibu

Jumanne, tarehe kumi Machi. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, lakini upepo wa baridi ulibaki ukizungukazunguka kati ya mabweni, na mawingu yalishuka chini kiasi cha kumlazimu mshonaji awashe taa ili afungashe nguo zake. Alikunja blauzi moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayemkunjia mtu mwingine. Kesho angerudi nyumbani. Chuo kilikuwa kimemshinda, na si kwa sababu ya masomo.

Alikuwa amevuka miaka hamsini alipofunga cherehani yake na kujiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta. Ndugu aliyebaki naye duniani ni mmoja, mdogo wake wa kiume, mtunza kituo cha hali ya hewa juu mlimani, ambako simu haishiki ila mtandao wa kituo upo. Walizoea kuzungumza kwa programu aliyoiunda yule mdogo mwenyewe, kompyuta kwa kompyuta. Lakini waliagana vibaya. "Dada, uzee wote huu unakwenda kushindana na watoto?" alimcheka. Naye akamrudishia, "Afadhali watoto, kuliko wewe unayepiga soga na mawingu."

Tangu ahamie bwenini, kila jioni alimaliza sala, akajipangusa uso, akampigia. Programu ilizunguka, ikazunguka, mwisho ikachoka. Haikusema yupo wala hayupo. Basi amenuna, aliwaza. Amenikata. Akamwomba Mungu amlainishe moyo mdogo wake, na kimya kikazidi kuwa kizito. Alipofaulu mtihani wa kwanza hakuwa na wa kumwambia. Aliliambia pazia la dirisha.

Jioni alikwenda darasani kuaga tu. Akamkuta mwalimu ameshaanza.

"Mtandao wa chuo una maelfu ya milango, kila mmoja na namba yake. Tumeacha michache wazi, mingine tumeifunga. Sasa, mlango uliofungwa una tabia mbili. Upo unaojibu, 'Hapa hapapitiki.' Na upo unaomeza ujumbe usiseme kitu. Aliyetuma atangoja mpaka achoke."

"Ya hapa kwetu ni ya tabia gani?" mshonaji aliuliza.

Fundi wa mtandao, aliyekuwa akibadilisha waya nyuma ya darasa, ndiye aliyejibu. "Hiyo ya kumeza, mama. Mwizi akibisha, asijue hata kama kuna nyumba."

"Na asiye mwizi?"

Darasa likaangua kicheko. Fundi hakucheka. "Naye hungoja," alisema.

Mshonaji alifungua programu yake, akamsomea fundi namba ya mlango inaopitia. Fundi akainama, akatazama. "Huu tuliufunga mwaka juzi. Hauingii mtu, hautoki mtu."

Hauingii mtu. Hapo ndipo alipoelewa. Siku zote hizo alikuwa akimwombea mdogo wake alainike moyo. Hakuwahi kumwaza akiwa peke yake kule juu, naye akibonyeza, naye akingoja, akisema moyoni: dada amenuna.

"Mama, kuna ujanja," jirani yake wa dawati alinong'ona. "Nikupitishe uchochoroni, hakuna atakayejua."

"Asante, mwanangu. Sitaki kupita kwa kujificha."

Fundi akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama saa ya ukutani. "Ufungue kwa ajili ya somo," alisema. "Kipindi kikiisha unaufunga. Kesho mama apeleke ombi ofisini kama wengine, na wakimkatalia, wamkatalie kwa mdomo."

Fundi akaandika mistari michache. Programu ikazunguka mara moja, ikalia. Ikapokelewa.

Upande wa pili ulisikika upepo. Kisha kiti kikalia. Kisha pumzi, pumzi aliyoijua tangu ilipokuwa ya mtoto mgongoni kwake.

"Usikate," alisema. "Ni dada yako. Sikununa. Nilikuwa nikipiga."

Mdogo wake akavuta kamasi, huko mbali.

Mshonaji akasimama, kama alivyosimama siku zote anaposali. "Darasa zima linanisikia, mwalimu wangu yupo, na Mungu anasikia. Kuanzia leo nikikasirika, nitakwambia nimekasirika. Ukikuta kimya, ujue ni cha waya. Changu hutakisikia tena."