Glavu ya Mkono Mmoja

Shuka lilipotoka kwenye rola ya pasi likifuka mvuke, mpigapasi alilipokea kwa ncha mbili, akalitandaza mezani, kisha akalipapasa kwa viganja vitupu toka kichwani hadi miguuni. Ndiyo iliyokuwa sheria ya chumba cha kufulia cha hoteli ile: pasi hunyoosha, lakini kiganja ndicho humaliza. Hakuna shuka lililopanda ghorofani bila kupapaswa.

Siku hizo alikuwa halali. Si kwamba alilala kidogo, hakulala kabisa. Alijilaza, akatazama dari, kukapambazuka. Hakulia wala hakulalamika, maana hata hayo yanataka nguvu. Kilichomtisha ni rola tu, ambayo kwa zamu yeye pia aliilisha. Mashine ile ilimeza kila ilicholishwa, na anayesinzia mbele yake huiachia vidole. Mtangulizi wake, ambaye kazini walimwita Bibi Nusu na mwenyewe akaitika bila kinyongo, aliiachia vinne.

Nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mtu wa kulala fofofo.

"Wifi, macho yako kama taa ya friji," wifi huyo alimwambia wakila. "Hata ukifunga mlango, mtu hana hakika kama imezimika."

"Haijazimika."

"Basi acha chai ya jioni."

Aliacha chai. Hakulala. Mfamasia wa mtaani akamshauri asibadili mambo yote kwa mpigo, asije akapona asijue kilichomponya. Ajaribu kimoja kimoja, na kila kimoja akipe muda. Ushauri ule aliuona una akili, akaushika. Alirudia chai, akahamisha kitanda. Alikirudisha kitanda, akaanza kuosha miguu kwa maji ya moto. Alitembea jioni mpaka mbwa wa mtaa wakachoka kumbwekea. Akalala bila mto, au tuseme akakesha bila mto. Wifi alimkumbusha kuwa subira huvuta heri. Heri yenyewe ilikuwa nzito, haivutiki.

Alipomaliza ya kwake akaanza kuwauliza wanaolala. Pale kazini, wote wa meza ya mashuka walikuwa na macho makavu kama yake. Wenye usingizi walikuwa wawili. Wa kwanza ni fundi wa mashine za kufulia, aliyevaa glavu za mpira kwa sababu ya dawa ya madoa, na ambaye alilala hata akiwa amesimama. Wa pili ni Bibi Nusu, ambaye siku hizi alikunja taulo kule kona ya nyuma.

"Usingizi ulinirudia wiki ile ile waliyonitoa mezani," Bibi Nusu alisema. "Nikadhani ni dawa za hospitali. Dawa zikaisha, usingizi ukabaki."

Mpigapasi aliitazama meza, akavitazama viganja vyake, akaenda kuazima glavu za fundi.

Usiku wa kwanza alisinzia kidogo. Wiki ilipoisha alilala hata wifi akamwamsha kwa kumnyunyizia maji. Alivua glavu siku chache ili ahakikishe, usingizi ukaondoka. Akazivaa tena, ukarudi. Alifurahi, furaha ndogo, ya mtu aliyeona ufunguo aliodhani umepotea.

Msimamizi akamwita. Hakuwa mtu mkali.

"Dada, hizo glavu zivue. Wageni wako macho. Kuna mzee anakuja hapa kila mwaka kulala tu, na jana kahesabu vigae vyote vya bafuni."

"Kumbe mnajua usingizi wetu unakokwenda?"

"Sasa ulidhani watu wanatoka mbali kote huko kufuata supu yetu?"

"Nitakatwa vidole, bosi."

Msimamizi alifikiri kwa haki kabisa. Akapiga simu ghorofani, akasikiliza, akaitikia. Uamuzi ukawa kwamba avae glavu moja. Achague mwenyewe mkono, na wageni watavumilia kuamka mapema kidogo.

Alichagua wa kulia, kwa kuwa ndio wa kulia chakula. Tangu hapo alilala upande mmoja. Jicho la kulia lilifumba, mguu wa kulia ukalegea, na nusu ya mdomo ikakoroma, huku jicho la kushoto likitazama dari. Wifi aliona ni nafuu. Nusu shari, alisema, kuliko shari kamili.

Lakini mkono wa kushoto, ambao haukulala, ulianza kusinzia kazini. Mara mbili mwenzake wa rola aliushika kiwiko, akauvuta usimezwe. Mpigapasi aliomba glavu ya pili, akajibiwa kwa upole kuwa suala lake lilishasikilizwa.

Bibi Nusu alikuja toka kona yake, akaukagua ule mkono kama mtu anayechagua nyanya.

"Anza kuuzoesha kutofanya kitu," akasema. "Wangu niliuchelewesha, ukanisumbua."

Jioni ile mpigapasi alimenya vitunguu kwa mkono mmoja. Kisha akapaka sabuni kidole cha kushoto, akavua pete aliyovishwa na marehemu, akampa wifi yake.

"Niwekee," alimwambia. "Isije ikachana mashuka."

Wifi aliipokea, akaifunga kwenye ncha ya kanga. Wakala, wakaosha vyombo, na upande wa kulia ukaenda kulala.