Mpunga Wangu Haukuiba

Mardiyo aliniita mwizi katika karamu ya dua, wali ukiwa bado unafuka moshi na watu hawajaitikia amina.

"Jaruba la shemeji Ngatiyem liko chini ya langu," alisema. "Mimi namwaga mbolea, maji yanamteremshia yeye. Hanunui hata kiganja cha urea, halafu mpunga wake unanawiri kuliko wangu. Niambieni, mpunga huo unakula nini?"

Watu wakacheka. Jirani yangu Painem alikuwa amenyoosha mkono kwenye sinia la wali niliopika mimi. Akaurudisha. Hilo ndilo lililoniuma. Mchele ule ndio ninaotolea zaka ya fitri, ndio ninaopikia dua ya marehemu mume wangu. Ukiwa wa wizi, dua zangu zinakwenda wapi?

"Unakula samadi ya mbuzi," nikasema. "Unakula mabua ninayoyaozesha udongoni, ambayo wewe unayachoma kila ukivuna."

"Mabua! Basi ng'ombe wangekuwa matajiri."

Kulipokucha nilimwomba Mungu anisimamie, nikachukua jembe, nikaziba kwa tope na mawe mlango wa maji yanayotoka kwa Mardiyo. Pembeni nikachimba mfereji ili wenye majaruba ya chini yangu wasikose maji. Mardiyo alikuwa akimwaga mbolea ya kukuzia. Aliweka ndoo chini.

"Shemeji, una wazimu? Mpunga una mimba, unaunyima maji?"

"Jaruba ni langu. Mbolea yako ipite mferejini, uone inakokwenda."

"Utavuna mapepe!"

"Nitapepeta mwenyewe."

Mvua haikunyesha. Adhuhuri majani yalijikunja, na moyo wangu nao ukajikunja. Jioni yalifunguka tena, nikashukuru. Painem alipita akanionea huruma.

"Dada, kiburi hakipikwi kikaliwa. Fungua maji."

"Si kiburi. Nikifungua leo, hata nafsi yangu itaniuliza nimekula cha nani."

Siku zilivyopita, pembe ya juu ya jaruba ilipasuka nyufa, mpunga wake ukakauka. Niliulilia, lakini maji sikuyafungua. Katikati ya jaruba, nilipochomeka kidole, udongo ulikuwa bado baridi, mweusi na laini, umeshika unyevu wake kama mtu aliyeshika neno la ahadi.

Masuke yakatoka, mpunga ukachanua. Mardiyo akaja, akasimama kwenye tuta, akautazama. Kisha akainama, akachota udongo kiganjani, akaunusa.

"Weka chini," nikamwambia. "Huo ni wangu."

Akauweka.

"Basi, shemeji. Nilikosea. Fungua maji, yaishe."

"Ulinitukana mbele za watu, unaniomba radhi mbele ya vyura?"

"Sasa unataka nifanye nini?"

Bondeni watu walikuwa wakipalilia. Nikamwonyesha kwa mpini wa jembe.

"Waambie wale."

Akakohoa. "Mpunga wa Ngatiyem ni halali!"

"Wa nani?" Painem akauliza kutoka mbali, na najua alikuwa amesikia vizuri.

"Wa Ngatiyem! Haukula mbolea yangu! Mimi ndiye niliyesema uongo!"

Watu wakainua migongo, wakamtazama. Hakuna aliyecheka. Nikasema alhamdulillahi, nikashuka tutani, nikang'oa jiwe la kwanza kwenye mlango wa maji.