Nahodha Aliyeitwa Abiria

Mashua yetu ya matanga, Evdokia, ndiyo rahisi kukodi kuliko zote hapa kisiwani Paros, Ugiriki, na si kwa wema wa shemeji yangu Pantelis. Ni kuukuu, basi. Mwenye mali ni yeye, nahodha ni mume wangu Stratis, na mimi ndiye mtandika vitanda. Wageni wapya huingia Jumamosi, kwa hiyo chombo sharti kiwe kimerudi Ijumaa jioni. Hilo hapa kwetu halina mjadala.

Mwaka jana meltemi, huu upepo wetu wa Agosti, ulimkuta Stratis kisiwani Amorgos. Akaifunga mashua gatini, akarudi kwa feri. Alitumia akili. Lakini alipoingia mgahawani kwa Manthos, Pantelis, ndugu yake wa tumbo moja, aliinuka akamvutia kiti.

"Karibu, abiria. Tiketi unayo?"

Watu walicheka mpaka kahawa zikamwagika. Tangu siku hiyo jina likamganda. Akinunua samaki, abiria. Akienda kanisani, abiria. Alicheka nao, lakini nyumbani chakula kilikuwa hakimpiti.

Agosti hii alitoka na bwana mmoja na mkewe kutoka Larisa, walimu waliotafuta wiki ya visiwani kwa bei wanayoimudu. Wakafika Amorgos, meltemi ikawafungia hukohuko. Ijumaa asubuhi hata feri zilikatazwa kutoka. Pantelis alikuwa jikoni kwangu, anakunywa kahawa yangu, simu ipo mezani sote tunasikia.

"Usukani unalia," Stratis alisema.

"Evdokia ni bibi wa miaka arobaini, ataacha kulia? Kesho nina wageni. Au nikukatie tiketi, abiria?"

Akanitazama akitabasamu, eti nami nicheke. Nikainyakua simu pale mezani, nikamwambia mume wangu:

"Baba Foteini, iache hapohapo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Hao wageni nitawatafutia pa kulala mimi."

Nilisikia upepo unavyochapa kamba kwenye milingoti.

"Argyro, walimu nimewaacha hotelini, wako salama. Nakuja peke yangu. Hilo neno sitaki kulisikia tena."

Simu ikakatika. Nikapiga, nikapiga, hakupokea. Nikamwambia Pantelis ampigie yeye, amwombe radhi, amwambie abaki.

"Utani tu huo, shemeji. Atafika."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimchukia palepale, na mpaka leo namchukia.

Jioni nilikaa gatini na shuka safi mapajani. Hakutokea. Asubuhi wageni wapya walikuja na mabegi na kofia zao, wakauliza ipi ndiyo mashua yao. Manthos akawaletea maji, akawakalisha kivulini.

Askari wa bandari ndio walioniletea habari. Evdokia ilikuwa juu ya miamba ya kisiwa cha Keros, njiani kutoka Amorgos, usukani umekatika. Stratis walimkuta kesho yake, mbali kidogo na hapo, jaketi la kuokolea bado limemkaza kifuani.

Upepo ulipotulia feri zikaanza tena, na ya kwanza ndiyo iliyomleta. Wanaume wote wa kwa Manthos walikuja gatini, wamevaa mashati meusi, hakuna wa kumwangalia mwenzake. Mlango wa feri ukashushwa. Walitoka watu kwanza, na watoto wao na mizigo yao. Kisha likatoka jeneza.

Pantelis alinijia analia, akanishika mkono. "Shemeji, ndugu yangu nilikuwa namtania tu."

Sikumsukuma. Hata maiti hukatiwa nauli kwenye feri, na karatasi yake walikuwa wamenikabidhi mimi. Nikaitoa mkobani, nikamwekea kiganjani, nikamfumba vidole.

"Tiketi anayo," nikamwambia.