Springi ya Bastola ya Lottie

Ukitaka habari za mji wetu wa Muskogee, njoo ukae nami kwenye maonyesho ya bunduki. Nauza nyama kavu, meza ya tatu kutoka mlangoni, na hapiti mtu bila kuniachia neno. Kwa hiyo Verlene, mpishi wa shule, alipoingia asubuhi ile, nilishajua anatafuta nini.

Bastola ya marehemu dada yake, Lottie, ilikatika springi, ile ndogo inayoshikilia magazini ya risasi. Ukifyatua mara moja tu, magazini hiyooo, chini. Na saa nane kulikuwa na mashindano ya wanawake ya kulenga shabaha. Lottie alishika nafasi ya pili miaka mitatu, na Verlene aliapa kaburini kwake kwamba mwaka huu atapiga yeye, kwa bastola hiyohiyo.

"Chukua ya kwangu," nilimwambia.

"Nimekwambia nimekuja kuazima?"

Akaenda meza ya jirani, kwa mzee Orval mwenye visanduku vya vipuri. Mzee akachokoachokoa.

"Ilibaki moja, mwanangu. Anayo yule."

Yule, aliyesimama hapo pembeni, ni Dorla, aliyemshinda Lottie mara zote tatu.

"Dorla, bastola yako si ya aina hii," Verlene akasema.

"Naweka akiba, shoga."

"Akiba ya bastola usiyo nayo?"

Watu wakaanza kusogea, nami nikaacha wateja. Dorla akaiinua springi kwa vidole viwili, akaibana kwa maringo. Jamani, springi ndogo haibanwi hivyo! Ilimchoropoka, ikaruka juu ya vichwa vyetu, ikapotelea ukumbini.

"Basi tena," Dorla akacheka. "Bahati nzuri sikuwa nimelipa."

"Kumbe hujalipa? Basi si yako. Mzee, atakayeiokota ndiye atakayeinunua, sivyo?"

"Ndivyo," Orval akajibu.

Verlene akaazima sumaku ya muuza visu, akapiga magoti. Miaka sitini na mbili, na magoti yenyewe ya kupakwa dawa! Akapita chini ya meza moja baada ya nyingine, watu wakiinua miguu.

"Umepata dhahabu, mama?" mmoja akamtania.

"Inua na huo mwingine, una matope."

Alikusanya misumari, pini, hata hereni. Saa saba na nusu akafika kwangu, na chini ya kreti langu sumaku ikanasa springi.

Akamlipa Orval. Ila mlangoni kila bastola inayoingia hufungwa kwa kamba ya plastiki isifyatuke, na ndani ya ukumbi kamba hiyo haikatwi. Tukatoka mbio hadi kwenye gari lake.

"Nipe mfuko wako wa nyama."

"Una njaa saa hizi?"

Akaingiza bastola na mikono yake yote miwili ndani ya mfuko ule, akaifungulia humo, akaipachika springi humo. Ikiruka, itaruka iende wapi?

Kwenye mashindano Verlene alikuwa wa nne. Dorla wa kwanza, kama kawaida yake. Lakini magazini haikudondoka hata mara moja, na mpaka leo bastola ya Lottie inanukia nyama yangu.