Prosesa ya Senhor Adérito

Senhor Adérito wa serikalini ndiye wa kunisainia barua ya kazi ya gesi. Basi nikamwekea mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta yake, nayo ikataja prosesa ya zamani kuliko yake, ikagoma kuwaka.

"Umenibadilishia prosesa, rapaz, kijana wewe." Akavuta kiti, akanikalia pale kama watu wa Palma wanavyomkalia fundi wa pikipiki asiwaibie vipuri.

Nikaizima ya ndani; ya nje ikataja prosesa yake sawasawa.

"Ya ndani haioni kitu, Senhor, inaambiwa tu. Jina la zamani nililichagua mimi, nimekosea." Nikarekebisha, ikawaka, naye akaitoa barua yangu mfukoni.

"Kumbe unajua kuifundisha uongo. Na ya nje, nani kaiambia?"

Barua akairudisha mfukoni.

"Fungua kasha la kompyuta, niione prosesa yangu kwa macho."